Anayeandika Ndiye Anayejifunza

Kwa zaidi ya muongo mmoja, vijana wengi waliohitimu vyuo vikuu nchini Kenya wamejipatia riziki kwa kazi ambayo hawapendi kuitaja hadharani. Katika vyumba vya kupanga vya Roysambu, Kahawa Wendani na Juja, mtu hukesha mbele ya kompyuta akiandika insha ya chuo kikuu: leo sera ya afya ya Marekani, kesho falsafa ya Kant, keshokutwa uuguzi wa wagonjwa wa kisukari. Insha ikikamilika hutumwa ng'ambo. Huko, mwanafunzi ambaye mwandishi hamjui na hatamjua huiwasilisha kwa mhadhiri wake kana kwamba ameiandika mwenyewe. Wenyewe huiita kazi ya mtandaoni. Wana lugha yao ya akaunti, oda na muda wa mwisho, na wapo waliojengea wazazi nyumba kwa kazi hiyo.

Gazeti la New York Times liliandika kuhusu biashara hiyo mwaka 2019. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya hali halisi, The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyezaliwa Kenya, anawatafuta waandishi hao na kuzungumza nao. Uingereza ilikuwa imekwisha kutunga sheria mwaka 2022 ya kuwabana wanaouza insha kwa wanafunzi. Mjadala mwingi umehusu udanganyifu, na udanganyifu upo. Lakini kwa anayejali elimu kuna jambo jingine hapa, na kwangu ndilo zito zaidi. Katika biashara hii shahada hubaki London au Chicago, elimu ikabaki Roysambu. Aliyepekua makala, akapanga hoja, akafuta aya nzima saa nane za usiku na kuianza upya, ndiye aliyeijua mada. Mwenye jina juu ya karatasi amelipia ada mara mbili, na hakupata alichokilipia hata mara moja. Huwezi kumtuma mtu akakulie chakula ukashiba wewe.

Jambo hili tunaliona hata majumbani mwetu. Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2017, wazazi wamelalamika juu ya kazi za nyumbani ambazo huishia mikononi mwao. Mama anakata katoni na kubandika gundi saa nne usiku, mtoto kalala. Asubuhi kazi inapelekwa shuleni na kupewa alama. Lawama nyingi zimeelekezwa kwenye gharama ya vifaa. Mimi hofu yangu ni kwamba katika nyumba hiyo mwanafunzi alikuwa mama.

Kanuni yenyewe, kwamba anayefanya kazi ndiye anayejifunza, haina ugumu kueleweka. Ugumu uko upande wake wa pili: mtu anaweza kushika kalamu mwenyewe, akajaza kurasa nne kwa mwandiko wake, asiwe amefikiri hata sentensi moja.

Mkono unakwenda, akili imekaa

Kila aliyefanya mtihani wa KCPE, uliokuwa wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, anazijua insha zile. Mtahiniwa aliambiwa asimulie siku ambayo hataisahau. Kabla hajaikumbuka siku yenyewe, mkono ulikwisha kuanza: alirauka alfajiri na mapema, akajitoma hamamuni, akastaftahi kwa chai na mkate, huku jua likichomoza upande wa matlai na ndege wakitumbuiza. Insha ya ajali ya barabarani ilianza hivyo. Insha ya harusi ilianza hivyo. Insha ya moto bwenini, ambamo watu wangekufa katika aya ya tatu, nayo ilianza kwa ndege kutumbuiza.

Siwalaumu walimu waliowapa watoto orodha za misemo wakazikariri. Mtahiniwa alikuwa na dakika 40 na alama 40, na msamiati uliopambwa ulimpandisha. Mwalimu alifanya hesabu ambayo mtihani wenyewe ulimtaka aifanye. Kilichonisumbua daima ni nafasi ndogo iliyoachiwa kuandika katika mtihani mzima. Kuanzia KCPE ya kwanza mwaka 1985 hadi ya mwisho mwaka 2023, palipohitajika maneno ya mtoto mwenyewe ni pawili tu, kwenye insha ya Kiswahili na ile ya Kiingereza. Hisabati, sayansi, masomo ya jamii, dini, hata sarufi na ufahamu, alichagua herufi. Mtoto alimaliza miaka minane ya shule ya msingi bila mtihani wa taifa kumwambia hata mara moja: tueleze wewe, kwa maneno yako, kwa nini Kericho hunyesha mvua nyingi kuliko Garissa.

Akifika shule ya upili anaandika kwa wingi, lakini tazama anachoandika. Karatasi ya Historia ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, humwambia ataje sababu tatu za jambo fulani, kisha aeleze athari sita, alama mbili kwa kila moja. Mwanafunzi anajifunza kuhesabu pointi. Mwalimu anaandika pointi ubaoni, yeye ananakili, anazikariri, anazimwaga siku ya mtihani. Chukua jibu la namna hiyo lililopata alama zote na ulipangue: hoja ya pili iwe ya tano, ya sita iwe ya kwanza. Halitaharibika. Alama zitabaki zilezile, na msomaji hatahisi kitu. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, kwa sababu katika hoja ya kweli huwezi kuhamisha sentensi ovyo. Ya tatu imeegemea ya pili, ya nne inaipinga ya tatu, na ukizichanganya jengo zima linaanguka. Jibu lisilodhurika likipanguliwa halijawahi kuwa hoja. Ni orodha iliyoandikwa kwa aya.

Mwenzake wa Kidato cha Nne nchini Tanzania yuko pale pale, tena ana mzigo wa ziada. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kukuta karibu kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, liko kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kuona kwamba wengi hawakukimudu kiasi cha kukitumia kujifunzia masomo mengine. Baada yao wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Martha Qorro miongoni mwao, wamelisema jambo hilohilo kwa miaka mingi na kwa ushahidi mpya. Darasani hali inajulikana: mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza, mwanafunzi ananakili neno kwa neno kwa sababu akibadilisha neno moja hana uhakika kama sentensi itasimama. Kijana huyo huwezi kumwambia apime hoja mbili na kuchagua, kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno ya kuomba ruhusa ya kutoka nje. Uamuzi wa lugha ya kufundishia ni wa serikali na una mjadala wake mrefu. Lakini hakuna sheria inayomzuia mwalimu wa biolojia wa Singida au Mtwara kumwambia mwanafunzi aandike rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, afikiri hadi mwisho, ndipo waitafutie Kiingereza chake pamoja.

Karatasi haitikisi kichwa

Mwaka 1975 mwalimu na mtafiti James Britton na wenzake walichapisha London matokeo ya uchunguzi wao wa maandiko takriban 2,000 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 18. Hawakutafuta makosa ya tahajia. Walijiuliza kila andiko liliandikwa ili lifanye nini, na liliandikiwa nani. Karibu nusu yalikuwa yameandikiwa mwalimu akiwa mtahini, mtu ambaye tayari analijua jibu na anangoja kuona kama mwanafunzi analijua. Maandishi ambayo mtoto anafikiri kwa kalamu, anajaribu wazo, anajiuliza, anarudi nyuma, yalikuwa machache mno. Miaka miwili baadaye Mmarekani Janet Emig alichapisha makala fupi akidai kwamba kuandika si njia tu ya kuonyesha ulichojifunza. Kuandika kwenyewe ni njia ya kujifunza, tena ya aina yake.

Nadhani kila mwalimu anaweza kuthibitisha dai hilo kwa mtihani mdogo wa Hisabati. Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza sita kugawanya kwa nusu. Atageuza sehemu juu chini, atazidisha, atapata kumi na mbili. Mpe alama yake. Kisha mwambie amwandikie mdogo wake wa darasa la sita barua ya nusu ukurasa, amweleze imekuwaje kitu kikagawanywa halafu kikaongezeka. Wengi wataandika mstari wa kwanza vizuri na kukwama kwenye wa pili. Alikuwa na jibu, hakuwa na sababu, wala hakujua kwamba hana. Yule atakayevumilia hadi afikie kumwambia mdogo wake kwamba swali linauliza kuna nusu ngapi ndani ya vitu sita, amejifunza zaidi katika nusu ukurasa huo kuliko katika hesabu ishirini za kugeuza juu chini.

Mazungumzo hayamkwamishi hivyo. Ukimweleza mtu kwa mdomo, msikilizaji anakusaidia: anatikisa kichwa, anamalizia sentensi yako, anakuelewa kabla hujajieleza. Mkono unachora hewani pale ambapo neno limekosekana. Karatasi haifanyi hayo. Inakaa na kungoja neno lenyewe. Na likishaandikwa halipotei, kwa hiyo kesho unaweza kulirudia ukaona kwamba "kwa hiyo" uliyoiweka jana haikutokana na chochote kilichotangulia. Wazo lililo kichwani hubadilika kila ukiligusa, na ni vigumu kulipima kwa sababu halitulii. Ukiliandika, unaweza kulizunguka.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya masomo ya lugha na historia. Mwaka 2020 Steve Graham na wenzake walijumlisha matokeo ya majaribio 56 ya kutumia uandishi katika sayansi, masomo ya jamii na hisabati, na wakakuta kwamba wanafunzi walioandika juu ya wanachosoma walijifunza zaidi katika masomo yote hayo. Faida haikuwa ya kushangaza ukubwa wake. Ilikuwa ya wastani, lakini ilijirudia, na shuleni jambo linaloleta faida mara nyingi kwa gharama ya kalamu na karatasi si la kupuuzwa.

Ingawa, lakini, kwa hiyo

Shule ya New Dorp iko Staten Island, jijini New York. Katika miaka ya 2000 ilikuwa miongoni mwa shule zilizokuwa na matokeo mabaya, na walimu wake walijiuliza kwa muda mrefu wanafunzi wanakwama wapi. Walipochunguza kwa makini waligundua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Vijana wengi waliojua kusoma, na waliojua ukweli mwingi kuhusu somo, hawakuweza kutumia viunganishi. Walipopewa sentensi inayoanza kwa "ingawa" kuhusu riwaya waliyoisoma, wapo walioandika kwamba ingawa wahusika wawili walikuwa marafiki, wakaweka nukta. Waliona wamemaliza. Upande wa pili wa wazo, ule ambao "ingawa" inaudai, haukuwapo akilini mwao.

Shule iliamua kwamba uandishi utafundishwa katika kila somo, kemia ikiwamo, na ikaanzia kwenye sentensi. Miaka michache baadaye matokeo ya mitihani na idadi ya wanaohitimu vilipanda, na mwaka 2012 jarida la The Atlantic likaieneza habari yake nchi nzima. Mambo mengine pia yalibadilishwa katika shule hiyo wakati huohuo, kwa hiyo sitadai kwamba viunganishi peke yavyo ndivyo vilivyoiokoa. Zoezi lao mashuhuri, hata hivyo, ni dogo kiasi kwamba mwalimu yeyote anaweza kulitumia Jumatatu asubuhi bila kuomba kibali. Anaandika ubaoni mwanzo mmoja wa sentensi, na mwanafunzi anaumalizia mara tatu.

Tuchukue Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, ambavyo husomwa Kenya na Tanzania pia. Vita vya Maji Maji vilienea upesi kwa sababu... Hapa anayejua somo atataja kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa maakida, na maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminika kuzuia risasi, ambayo yaliwaunganisha watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja. Vita vya Maji Maji vilienea upesi, lakini... Hapa wengi hunyamaza. Orodha ya sababu sita haikuwaandaa kwa "lakini". Atakayeendelea atalazimika kukumbuka kwamba Wahehe, ambao walikuwa wamepambana na Wajerumani miaka mingi chini ya Mkwawa hadi kifo chake mwaka 1898, safari hii hawakuingia vitani dhidi yao. Na akilikumbuka hilo hawezi kukwepa kujiuliza kwa nini. Vita vya Maji Maji vilienea upesi, kwa hiyo... Wajerumani wakaleta majeshi zaidi, wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Sentensi tatu, dakika kumi. Mwalimu akizikusanya anajua nani anaelewa vita hivyo na nani amekariri tu.

Darasa likishazoea, swali lenyewe linaweza kubadilishwa. Badala ya kueleza sababu sita, waandike ukurasa mmoja kujibu hili: je, imani ya maji ilikuwa nguvu ya vita hivyo au udhaifu wake? Kila mmoja achague upande, ampe nafasi asiyekubaliana naye, kisha amjibu. Anayeshika upande wa nguvu atataka kutumia ukweli kwamba Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, na bado watu wakapigana hadi mwaka 1907. Anayeshika upande wa udhaifu atakwenda Mahenge mwishoni mwa mwezi huohuo, ambako wapiganaji waliojiamini walisonga mbele ya bunduki za rashasha. Wote wawili itawabidi waseme kitu kuhusu vifo, ambavyo makadirio yake huanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na mwenye akili ataanza kuuliza nani alihesabu. Mwalimu mwenye maktaba anaweza kuwapa kumbukumbu za wazee zilizokusanywa na Gwassa na Iliffe katika miaka ya 1960, au tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, waone jinsi mwandishi wa Kitanzania alivyolitazama swali hilohilo.

Husemwa mara nyingi kwamba shule ikitaka watoto wafikiri itabidi ipunguze kuwakaririsha, kana kwamba vitu hivi viwili vinagombea nafasi moja kichwani. Swali la maji linaonyesha vinginevyo. Anayelijibu anahitaji tarehe nyingi zaidi, majina mengi zaidi na mahali pengi zaidi kuliko aliyetaja sababu sita. Tofauti ni kwamba sasa ana kazi ya kuvipa.

Kujibizana

Mtindo wa kuandika kwa kumjibu mtu si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana mashairi, na kila mmoja alipaswa kwanza kuelewa barabara alichoambiwa, mafumbo yake yote, ndipo ajibu. Asiyefumbua vizuri aliaibika mbele ya mji mzima. Desturi hiyo ya kujibizana imeendelea katika kurasa za ushairi za magazeti ya Kiswahili, ambako msomaji wa Kilifi humjibu wa Kakamega kwa beti zenye vina na hoja. Nashangaa kwamba darasa la Kiswahili linafundisha mashairi hayo kama mifano ya vina na mizani, halafu linaacha nje kitu chenyewe kilichoyaleta duniani, ambacho ni mabishano.

Darasani inaweza kufanyika hivi. Wanafunzi wawili wanabadilishana aya moja moja juu ya jambo ambalo kweli wanatofautiana, tuseme kama simu ziruhusiwe bwenini. Kabla ya kumjibu mwenzake, kila mmoja anaandika hoja ya mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake lazima akubali kwamba ndivyo alivyosema. Asipokubali, inaandikwa tena. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Watu wazima wengi, wabunge wakiwamo, hawaiwezi.

Mzigo wa madaftari

Najua mwalimu anayesoma hapa ameanza kuhesabu. Tangu sera ya Kenya ya kila mtoto kuendelea na shule ya upili ianze mwaka 2018, darasa la wanafunzi 60 ni la kawaida katika shule nyingi za umma. Mwalimu wa madarasa manne ana wanafunzi 240. Akitumia dakika tano tu kwa kila insha, zoezi moja linamla saa 20, na bado hajaandaa kipindi, hajasimamia chakula, hajakaa na familia yake. Anayemwambia mwalimu huyo aandikishe zaidi bila kumwambia atasahihisha vipi hamtendei haki.

Jibu ni kwamba yapo maandishi ambayo hayahitaji kusahihishwa. Mwaka 2004 Bangert-Drowns na wenzake walipitia programu 48 za uandishi wa kujifunza, na miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba kazi fupi zilizorudiwa kwa muda mrefu zilisaidia kuliko kazi ndefu, hasa pale mwanafunzi alipoulizwa ameelewa nini na amechanganyikiwa wapi. Dakika tano za mwisho wa kipindi zinatosha. Kila mmoja anaandika nusu ukurasa: leo nimeelewa hili, hapa nimepotea. Mwalimu anachukua karatasi kumi bila kuchagua, anazisoma akinywa chai, na kesho anaanza kipindi kwa kosa alilolikuta katika saba kati ya hizo kumi. Hakuna alama, hakuna kalamu nyekundu.

Hata kwa insha ndefu, wino mwingi hupotea bure. Mwanasaikolojia wa Israeli Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 jaribio ambalo lingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya walimu. Aligawa wanafunzi katika makundi: wengine walirudishiwa kazi zikiwa na maoni tu, wengine alama tu, wengine alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni tu ndio walioendelea vizuri katika kazi zilizofuata. Waliopewa alama na maoni hawakufaidika kuliko wale wa alama tupu. Mtoto alitazama alama, na maoni yakawa hayana kazi tena. Mwalimu aliyekesha akiandika maoni karibu na 11 juu ya 20 alikuwa amekesha kwa ajili ya ukingo wa karatasi.

Ushauri wangu kwa mwalimu wa madarasa manne ni aandike swali moja kwa kila insha, lihusulo wazo, na aache makosa mengi ya hijai yapite siku hiyo. Umesema watu wote wa kusini waliungana, Wahehe je? Kisha mwanafunzi aandike upya aya hiyo moja, si insha nzima. Aya iliyoandikwa mara mbili inafundisha zaidi kuliko insha mbili zilizoandikwa mara moja na kusahauliwa.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, swali jingine limeongezeka. Mashine sasa inaandika insha bila malipo, na wale vijana wa Roysambu wameona oda zikipungua. Mwaka 2025 watafiti wa MIT walitoa ripoti ya awali kuhusu watu 54 walioandika insha, baadhi kwa msaada wa mashine hiyo, na wengi wa waliosaidiwa walishindwa kunukuu sawasawa hata sentensi moja ya insha waliyotoka kuimaliza. Ni uchunguzi mdogo na haupaswi kubebeshwa zaidi ya uwezo wake, lakini unalingana na tulichokwisha kukijua kutokana na biashara ya insha. Kwa shule zetu naona tiba iko karibu: sehemu kubwa ya kuandika ifanyike darasani, kwa mkono, mwalimu akiona rasimu zikibadilika, na mwanafunzi aulizwe kwa mdomo kwa nini aliifuta aya ya pili. Aliyeiandika atajibu.

Yote haya yatabaki juhudi za walimu wachache wenye moyo ikiwa mtihani wa mwisho utaendelea kulipa orodha. Walimu hufundisha kinachotahiniwa, na wazazi huwataka wafanye hivyo. Kundi la kwanza la CBC, mtaala uliotaja kufikiri kwa kina kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Bado kuna muda wa kuweka katika karatasi yao ya Historia swali moja, moja tu kwa kuanzia, linalomtaka mtahiniwa achague upande na autetee, na mwongozo wa kusahihisha unaotoa alama kwa jinsi hoja inavyoshikana. Wanaosema haiwezekani kusahihisha swali la namna hiyo kwa haki wasahau kwanza Historia, waangalie karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE. Kwa miaka mingi insha zake zimewekwa katika viwango vinne, A, B, C na D, kwa kutazama maudhui, mtiririko na lugha kwa pamoja, na watahini huanza kwa kukaa chini, kusoma insha zilezile na kubishana hadi wakubaliane kiwango. Utaratibu upo na watu wanaoujua wapo. Watahini wa Historia wanahitaji kukaa nao meza moja, na kazi hiyo inaweza kuanza kabla ya mwaka huu kwisha.